Makala inaandikwa Paris, kesi inafunguliwa Congo: sheria inamshika nani?

Fundi wa kushona wa Kasongo akiandika «Hakuna Matata» kwenye tisheti na kuziuza sokoni, kampuni ya Marekani inaweza kumshitaki? Na mtu wa Kabambare akipokea kwenye WhatsApp habari iliyoandikwa Ulaya, inayomchafua mkubwa fulani, naye akairusha kwa grupu ya familia, nani atajibu? Maswali yanafanana, lakini majibu hayafanani.

Tuanze na tisheti. Mwaka 1994, sinema The Lion King ilipotoka, kampuni Disney iliomba maneno «Hakuna Matata» yaandikishwe Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo. Iliyapata 2003. Watu walikuja kukasirika mwisho wa 2018, wakati Shelton Mpala wa Zimbabwe alipoanzisha ombi kwenye intaneti na maelfu wakatia sahihi. Hasira ile ilieleweka. Bendi ya Kenya, Them Mushrooms, iliimba maneno hayo tangu 1982, na sisi Maniema Matata ni hata jina la mtu: Matata Ponyo, mtoto wa jimbo hili, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2012 mpaka 2016.

Lakini alama ya biashara haimkatazi mtu kusema neno. Inamkataza mwingine kuliweka kwenye bidhaa za aina ile ile anazouza, na inafanya kazi katika nchi ilimoandikishwa. Ya Marekani inaishia Marekani. Hapa kwetu kuna sheria ya tarehe 7 Januari 1982: unaandikisha alama Kinshasa, kwenye Wizara ya Viwanda, na unalindwa miaka 10, halafu unaweza kurudilia. Zile alama zinazojulikana sana dunia nzima ndizo zina ulinzi wa ziada, sababu Congo iko katika Mkataba wa Paris. Kingine, Congo haimo ndani ya OAPI, inayounganisha nchi nyingi za Kifaransa, wala ARIPO yenye makao Harare. Hata kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukubadilisha hilo. Mtengenezaji wa sabuni aliyeandikisha jina lake Kampala peke yake hajaliandikisha Congo, na wa kwetu pia vilevile. Fundi wetu ashone tu. Shida yake inaweza kuanza siku atakapotuma tisheti zile kuuzwa Marekani.

Habari ya intaneti, hiyo haisimami kwenye mpaka. Majaji wa Australia walilisema wazi mapema. Mwaka 2000 gazeti Barron's la Marekani liliandika juu ya Joseph Gutnick, mfanyabiashara wa Melbourne. Dow Jones, wenye gazeti, wakajitetea: mashini zetu ziko New Jersey, tushitakiwe kule. Tarehe 10 Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Australia ikakataa. Jina la mtu linaharibika pale habari inaposomwa, si pale mashini imewekwa.

Kwetu, kesi iliyotikisa waandishi wa habari ni ya Stanis Bujakera. Tarehe 31 Agosti 2023, Jeune Afrique, gazeti lenye makao Paris, lilitoa kwenye intaneti makala juu ya kifo cha Chérubin Okende, waziri wa zamani wa upande wa Moïse Katumbi. Makala haikuwa na jina la mwandishi. Tarehe 8 Septemba, Bujakera, anayelifanyia gazeti hilo kazi Kinshasa, akakamatwa uwanja wa ndege wa N'djili. Jeune Afrique ikasema si yeye aliyeandika. Haikusaidia. Alishitakiwa kughushi karatasi na kueneza habari za uongo, akakaa miezi sita katika gereza la Makala (jina limelingana tu). Tarehe 18 Machi 2024 akahukumiwa miezi sita na faini ya franka 1.000.000, kesho yake akatoka. Paris hakukamatwa mtu.

Hapo ndipo penye uzito kwa sisi wa mbali na Kinshasa. Sheria inayoitwa Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023, kwenye kifungu cha 360 haimtaji tu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu. Inamtaja pia anayeipitisha. Adhabu ni mwezi mmoja mpaka sita gerezani na faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000, au kimoja kati ya hivyo. Kwa mama anayeuza mihogo, kiasi hicho si mchezo, na kwa maoni yangu kumweka mwenye kubonyeza mara moja kwenye mstari mmoja na mwenye kutunga uongo ni kuzidisha.

Mtunzi mwenyewe je? Ukichafuliwa na mtu aliye Brussels, unaweza kupeleka malalamiko yako kwa parke hapa. Ila hukumu ya jaji wa Congo haivuki mpaka peke yake. Ili uchukue pesa za mtu yule kule Ubelgiji, jaji wa kule lazima kwanza akubali hukumu ile, jambo ambalo maavoka wanaliita exequatur, na linataka muda na pesa. Mwenye kuipitisha habari ile Kasongo, yeye haihitaji exequatur: polisi wanakwenda kwake kwa miguu.