Asilimia 10 kwa Muda Gani?

"Benki wanatoza asilimia 18, hawa jamaa 10 tu. Kwa nini nisikope kwao?" Safari hii aliyeniuliza ni mama lishe wa Sabasaba, hapa Dodoma. Wameshaniuliza wakulima wa zabibu wa Hombolo, na hata watumishi wa Mtumba wenye shahada zao. Jamani, someni mkataba! Ile 18 ya benki ni ya mwaka. Hii 10 ya hao jamaa wa mikopo ya kausha damu ni ya wiki.

Tupige hesabu. Umekopa 200,000 kwa wiki nne. Kabla hujazishika, inakatwa 20,000 ya fomu. Unaondoka na 180,000. Kila wiki unarejesha 70,000, yaani 50,000 ya deni na 20,000 ya riba. Ukimaliza umelipa 280,000. Laki nzima imekwenda ndani ya mwezi, ilhali kwa asilimia 18 ya mwaka riba ya mkopo kama huo haifiki 3,000. Tazama wiki ya nne: deni limebaki 50,000, lakini riba bado inapigwa kwenye 200,000. Hiyo ni asilimia 40 kwa wiki moja. Hakuna sahani ya wali maharage inayoleta faida hiyo.

"Lakini hawadai dhamana." Wanadai! Wanachukua kadi ya benki na namba ya siri, au friji na godoro. Wale wa kwenye simu huchukua namba zako zote, ili ukichelewa wampigie mkweo na mchungaji wako. Biashara hii hainenepi kwa anayelipa akaondoka. Inanenepa kwa anayekopa tena ili alipe deni la kwanza. Kuita hilo msaada ni kumtukana aliyenyang'anywa kitanda.

Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji hawa, na Novemba 2024 ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Kwa hiyo dai leseni. Uliza jumla ya marejesho kwa shilingi, achana na asilimia. Kadi usimpe mtu. Jaribu SACCOS. Kina mama, vijana na wenye ulemavu, undeni kikundi mwombe mkopo wa halmashauri, hauna riba. Umeshanaswa? Tunza mkataba na risiti, peleka malalamiko Benki Kuu. Wakiwasumbua ndugu zako kwa simu, nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.