Kabla ya Kutia Klorini

Mwaka 1974 mkemia wa Kiholanzi, Johannes Rook, aliyekuwa mtumishi wa idara ya maji ya Rotterdam, alichapisha matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Klorofomu iliyokuwa ikionekana katika maji ya bomba ilikuwa ikiundwa mtamboni kwenyewe, baada ya maji kutiwa klorini. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani wakaeleza jambo hilohilo, na kufikia 1979 nchi yao ilikwisha kuweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita kwa jamii nzima ya kemikali hizo, ziitwazo trihalomethani. Baadaye kikashushwa hadi 80.

Zinatoka wapi? Maji ya mto au bwawa hubeba mabaki ya majani, mizizi na miani iliyooza. Yakizidi, maji hupata rangi ya chai ya rangi, na kwa sababu ileile: majani yamelowa humo. Tope hutuama, lakini sehemu kubwa ya mabaki haya imeyeyuka, na maji yanaweza kuonekana maangavu huku yamejaa kaboni ya mimea.

Klorini ikiingia majini hugeuka asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo huua vijidudu. Asidi hii haichagui. Hushambulia bakteria wa kipindupindu, na hushambulia vilevile zile molekuli kubwa za mimea, ikizikatakata na kupachika atomi za klorini kwenye vipande. Kipande chenye kaboni moja, hidrojeni moja na klorini tatu ndicho klorofomu. Vipande vingine huwa asidi za haloasetiki. Kazi hiyo haiishii mtamboni: huendelea ndani ya mabomba kadiri klorini inavyobaki, na joto huiharakisha. Kwa hiyo nyumba ya mwisho kwenye mtandao inaweza kupata klorini kidogo na trihalomethani nyingi kuliko nyumba iliyo jirani na mtambo.

Watu wa pwani wana la ziada la kuangalia. Bahari ina bromidi, na kisima kinachoanza kuingiwa na maji ya bahari huipata pia. Klorini huigeuza bromidi kuwa bromini iliyo hai, nayo hushika kaboni upesi zaidi. Hapo huzaliwa kemikali kama bromodiklorometani, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea mikrogramu 60 tu kwa lita, ilhali klorofomu imeruhusiwa 300. Kubadili dawa si lazima kuwe ndiyo njia ya kutokea: ozoni ikikutana na bromidi huzaa bromati, inayowekewa kikomo cha mikrogramu 10.

Lakini tusichanganye uzito wa hatari. Tafiti zimehusisha kunywa maji yenye kemikali hizi kwa miaka mingi na saratani ya kibofu. Kipindupindu huweza kumuua mtu ndani ya saa chache. Anayesoma haya akaacha kutia dawa ya maji nyumbani atakuwa amejiumiza. Watafiti waliopima maji ya mito na madimbwi ya magharibi mwa Kenya yaliyotiwa klorini ya majumbani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, hawakupata sampuli iliyovuka viwango vya Shirika la Afya Duniani vya trihalomethani.

Dawa ibaki, kinachopaswa kupunguzwa ni mabaki inayokutana nayo. Mtambo unaotia klorini mlangoni, maji yakiwa bado mabichi, unaipeleka mahali penye mabaki mengi kuliko kote. Yafaa shabu ifanye kazi kwanza, maji yatuame, yapite kwenye mchanga, ndipo klorini iingie. Masika yanapoleta maji mekundu, kishawishi ni kuongeza klorini. Ningependa fundi aanze kwa kurekebisha shabu na uchachu wa maji, maana shabu hunasa kaboni iliyoyeyuka vizuri zaidi maji yakiwa na uchachu kidogo.

Nyumbani utaratibu ni uleule: acha yatuame, mimina taratibu, chuja kwa kitambaa safi, tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa, subiri nusu saa. Wanaotumia mbegu za mlonge wajue kwamba unga wake hushusha tope vizuri lakini nao huacha kaboni majini, hivyo maji hayo yasilale siku nyingi. Klorofomu yenyewe ni nyepesi kuruka. Kuchemsha huiondoa kwa sehemu kubwa.

Kupima trihalomethani kunahitaji mashine ghali. Kupima malighafi yake ni rahisi zaidi: mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254 hupitishwa kwenye maji yaliyochujwa, na kadiri unavyomezwa ndivyo kawaida mabaki ya mimea yalivyo mengi. Ni kazi ya dakika chache. Kila mtambo unaovuta maji ya mto ungepaswa kuifanya kila siku ya masika, kabla fundi hajagusa valvu ya klorini.