Jibini ya Moto kwa Tende na Asali

Katika mwezi wa Ramadhani uliopita tuliitendea sahani moja ya jibini jambo ambalo hatukupaswa kulitenda, na hiyo ndiyo sababu ya wasomaji wetu kupata leo makala ya upishi kutoka kwa mtu ambaye, kwa miaka yake hamsini na kitu, alikuwa hajapika zaidi ya chai ya rangi.

Mkaza mwana wetu, binti wa watu wa Barawa aliyelelewa Uingereza, alikuja kwetu Mombasa kufunga nasi kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Siku ya tatu alimwomba mama mkwe wake ruhusa ya kuingia jikoni peke yake. Tulikuwa na wageni wawili jioni hiyo, wazee tunaosali nao msikiti mmoja. Tulifungua kwa tende na maji, tukasali Magharibi, kisha sinia zikatandikwa: uji wa pilipili manga, mbaazi za nazi, mahamri, sambusa, na katikati yake kitu tusichokijua. Kilikuwa kama bahasha nene ya manda, rangi ya dhahabu, kimemwagiwa tende na asali na kunyunyiziwa ufuta. Mwanetu mdogo aliyekileta akakikata kwa kisu, mvuke ukatoka, na ndani yake mkaonekana kitu cheupe, laini.

"Ni jibini, Baba," akasema. "Amepika shemeji."

Nasi, kabla ya kuuliza lolote, tukaisukuma ile sahani kando kwa vidole viwili, tukasema kwamba jibini za madukani hutiwa vitu vya nguruwe. Wageni nao wakarudisha mikono. Sauti yetu imezoea mimbari, na pazia lililoko baina ya ukumbi na wanawake ni jembamba. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokuja, na upande wa pili wa pazia pakawa kimya.

Usiku, tuliporejea kutoka tarawehe, mama wa nyumba yetu alituwekea mbele yetu karatasi iliyofungiwa ile jibini, akaenda kulala bila ya kusema neno. Tukavaa miwani. Iliandikwa: maziwa ya ng'ombe, chumvi, bakteria wa kuchachusha, na kigandisho kisichotokana na mnyama. Pembeni palikuwa na alama ya halali, kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba.

Hapo ndipo tulipovifungua vitabu tulivyopaswa kuvikumbuka tangu mwanzo. Maziwa hayawi jibini mpaka yagandishwe. Tangu zama za kale watu walitumia kitu kitolewacho tumboni mwa ndama au mwanambuzi anayenyonya, nacho vitabu vyetu vya fiqhi hukiita infaha. Siku hizi kipo pia kigandisho kitokanacho na kuvu. Na kipo kinachotengenezwa viwandani kwa vijidudu vilivyopandikizwa chembe ya urithi ya ndama, ambacho Marekani ilikiruhusu mwaka 1990 na ambacho sasa kimeenea mno katika viwanda vya jibini. Kadhalika zipo jibini zisizohitaji chochote katika hivyo, zigandazo kwa ndimu au siki tu, mfano wa paniri ya Wahindi. Ama kigandisho cha nguruwe, kimewahi kutumika, na juu ya uharamu wake hapana mjadala; lakini kusema kwamba kila jibini ya dukani imetiwa hicho ni maneno ya barazani, wala si elimu.

Madhehebu yetu ya Imamu Shafi huiona twahara infaha ya mnyama aliyechinjwa kisheria akiwa bado hajala ila maziwa, na huiona najisi infaha ya mzoga. Imamu Abu Hanifa hakuinajisi hata hiyo ya mzoga wa mnyama aliwaye, na miongoni mwa hoja za wanachuoni wa upande huo ni kwamba Masahaba walipoingia Iraq walikula jibini za Wamajusi, hali ya kuwa uchinjaji wa Wamajusi si uchinjaji wetu. Hatuyaandiki haya ili kila mtu ajichagulie lililo jepesi kwake. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni anayemwamini, na kabla ya hapo na asome karatasi. Tunayaandika kwa kuwa sisi tuliyasoma tukiwa vijana, na siku ya kuyahitaji tukayaacha rafuni. Imepokewa pia katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini alipokuwa Tabuk, akaitisha kisu, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, akaikata. Hakuisukuma kwa vidole viwili.

Baada ya daku tulimwita mkaza mwana wetu, mumewe na mama mkwe wake wakiwapo, tukamwambia kwamba tumemkosea. Akainamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, Baba." Tukamjibu kuwa hayajaisha, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya watu na wale wazee wawili hawajarudi. Tukamwomba atufundishe kuipika. Alituangalia kama mtu asiyejua iwapo anafanyiwa mzaha. Mama mkwe wake ndiye aliyecheka kwanza.

Basi asili ya chakula hiki ni Ugiriki, naye alikijua kwa jirani yake Mgiriki alipokuwa msichana. Wagiriki huichukua jibini yao iitwayo feta, huizinga katika karatasi nyembamba za unga ziitwazo filo, huioka au huikaanga, kisha huimwagia asali na ufuta, na huila ingali moto kabla ya chakula kikubwa. Feta yenyewe huko kwao ni ya maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30, na tangu mwaka 2002 sheria ya Umoja wa Ulaya imeliwekea jina hilo mipaka, lisitumiwe huko na jibini ya mahali pengine. Hapa kwetu jina hilo hupewa hata ya maziwa ya ng'ombe, nayo haina ukali wa ile ya kondoo, jambo ambalo kwa midomo ya watoto ni nafuu.

Wapo watakaosema kwamba chumvi na sukari havikai sahani moja. Watu wa Nablus, Palestina, wamesifika kwa kunafa yao, nayo ni jibini nyeupe ya moto iliyomwagiwa shira. Nasi watu wa pwani, tunaokula mahamri ya sukari kwa mbaazi za chumvi kila asubuhi, tuna haki gani ya kushangaa?

Kwa watu sita chukua kipande kimoja cha feta, gramu 200. Kiloweke katika maji baridi nusu saa, ukiyabadilisha maji mara moja, kwani jibini hii hukaa ndani ya maji ya chumvi na ukiioka vivi hivi asali haitaifunika. Kisha ikaushe kwa kitambaa safi, uikaushe kwelikweli, maana unyevu ndio adui wa manda. Hapa tulikosea mara ya kwanza: tuliona kukausha ni kazi ya ziada, na chini ya bahasha yetu pakatoka kitu kama chapati iliyonyeshewa.

Filo hatukuitafuta. Manda za sambusa ni jamaa yake wa karibu, mradi ziwe duara zima ambazo hazijakatwa. Chukua nne, uzifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo zisikauke na kupasuka. Yeyusha vijiko vitatu vya samli. Tandaza manda ya kwanza, ipake samli, nyunyiza ufuta kidogo, weka ya pili juu yake na uipake vilevile. Weka jibini katikati, kunja pande nne kama bahasha, na gundisha ncha kwa uji mzito wa unga wa ngano, kama ufanyavyo kwa sambusa. Manda mbili zilizobaki zipake samli nazo, uifunge tena kwa upande wa pili, ili mkunjo wa kwanza uwe chini ya mkunjo wa pili. Usifanye haraka. Vidole vyetu vizito vilichana tatu, na mama wa nyumba akatwambia kwamba kalamu ni nyepesi zaidi.

Ilaze upande wa mkunjo ukiwa chini, katika sinia iliyopakwa samli, uioke kwa nyuzi 200 za joto muda wa dakika 20 hadi 25, mpaka ipate rangi ya dhahabu kote. Siku tuliyojifunza, umeme ulikatika joko likiwa ndiyo kwanza linapata moto, na mkaza mwana wetu akadhani mambo yameharibika. Mama mkwe wake akaitoa sufuria ya kupalia, ile anayopikia mkate wa mayai, akaweka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Yule binti hakuwa ameona mtu akioka bila ya joko. Ilitoka nzuri kuliko ya joko, na tangu siku hiyo wawili hao hawajaachana jikoni. Angalizo moja: makaa ya chini yawe machache kweli, kwa kuwa manda huungua kabla ya kutoa harufu ya kukuonya.

Usiogope kwamba jibini itayeyuka na kutiririka sinia nzima. Feta ina uchachu mwingi, na uchachu huo huyafanya maziwa yake yashikamane kwa namna ambayo moto huyalainisha tu; haivutiki kama jibini ya piza.

Inapookwa, tayarisha cha kumwagia. Toa kokwe tende laini nane, uzikate vipande vidogo, uzitie katika kisufuria pamoja na robo kikombe cha maji na kijiko cha ukwaju uliokamuliwa. Ukwaju haumo katika mapishi ya Wagiriki. Ni wazo la mama wa nyumba yetu, na kwa maoni yetu ndio uliokifanya chakula hiki kiwe cha Mombasa. Pika kwa moto mdogo dakika tano, mpaka zilainike na kuwa nzito. Epua, ndipo utie asali vijiko vitatu, usiichemshe, maana asali nzuri ikichemka harufu yake huondoka. Tulitumia ya Baringo. Malizia kwa pilipili manga iliyotwangwa, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, na vidole hivyo safari hii vilikuwa na kazi bora.

Bahasha ikitoka motoni iache ipoe dakika tano, kisha uimwagie na kuipeleka papo hapo, na ufuta uliokaangwa mkavu juu yake. Ukiimwagia mapema, manda itanywa asali na kulegea. Kwa futari, basi, ni vyema ingie motoni karibu na adhana, itoke watu wamesali.

Mawili ya tahadhari kwa kina mama. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Na mjamzito achague jibini ambayo karatasi yake inasema maziwa yake yamechemshwa kiwandani kuua vijidudu.

Na kwa nyumba ambayo bei ya feta ni nzito, au ambayo shaka ya kigandisho haijatoka moyoni, njia ipo. Chemsha lita mbili za maziwa yasiyopunguzwa mafuta, yakianza kufura yatie maji ya ndimu mbili au tatu kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu, mpaka yajitenge, mabonge meupe juu na maji ya kijani hafifu chini. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, tia kijiko kidogo cha chumvi, funga, kisha weka kinu juu yake kwa saa moja. Utapata zaidi ya gramu 200, na wala huna haja ya kuiloweka. Haina ukali wa feta, hatutadanganya, lakini mama wa nyumba yetu sasa hataki nyingine, na sisi hatuna sauti katika hilo.

Wale wazee wawili tuliwaalika tena siku ya Ijumaa. Sahani ililetwa, mvuke ukatoka kama mara ya kwanza, na mmoja wao akatutazama. "Sheikh," akasema, "hii siyo ile mliyotukataza?"

Tukamwambia ni ile ile, na kwamba siku ile tulisema jambo tusilolijua, na aliyeipika hakuwa na kosa. Tulilisema kwa sauti ya mimbarini, makusudi. Kisha tukataja jina la Mwenyezi Mungu na kukata kipande cha kwanza.

Yule mzee alikula mara tatu. Akaomba akafungiwe kipande ampelekee bibi yake, na nyuma ya pazia mtu akacheka, akawahi kujiziba kinywa.