Je, Wajua? Machozi ya Sungura Huanzia Menoni
Sungura anayefugwa nyuma ya nyumba kule Litein au Bomet akianza kutokwa machozi, mwangalie meno kwanza. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, hata sentimita 10 kwa mwaka, na mizizi ikirefuka kupita kiasi hubana mfereji wa machozi. Manyoya chini ya jicho hulowa, yakagandana. Nyasi za kutafuna kutwa husaidia sana.

Doa jeupe ndani ya jicho ni jambo jingine: huenda ni Encephalitozoon cuniculi, kimelea kilichoelezwa mara ya kwanza mwaka 1922. Hutoka na mkojo, na huweza kumwambukiza binadamu, hasa mwenye kinga dhaifu. Huyo asipewe kabisa kazi ya kusafisha kibanda. Na anayesafisha anawe kwa sabuni.