Vijana wa Shule na Michezo Yao ya Kuigiza

Mtu akipita karibu na shule ya sekondari katika nchi ya Meru au ya Embu jioni za mwezi wa Februari, huenda akastaajabu. Vitabu vimekwisha fungwa na kengele ya mwisho imelia, lakini katika jumba la kulia chakula mna makelele. Mmoja analia kama aliyefiwa, mwingine anawaamuru askari wasioonekana, na mwalimu ameketi juu ya meza akisema, "Rudia tena, na safari hii usiwape watu mgongo." Hao si wagonjwa. Ni chama cha michezo ya kuigiza, nao wanajitayarisha kwa mashindano ya kaunti, kisha ya mkoa wa Mashariki, na wakibahatika, ya nchi nzima.

Wako wazazi wasemao kwamba kazi hiyo ni kupoteza wakati na karo. Mimi ni karani wa serikali hapa Embu, na kila siku napokea barua za wazazi wa namna hiyo. Siwalaumu, maana karo ni nzito. Lakini nilikuwa mmoja wa wachezaji hao zamani kidogo, katika shule ya misheni huko Meru, nami nina neno la kusema.

Kwanza yafaa tujue mambo haya yalianzaje. Katika shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, palikuwa na desturi ya kucheza mchezo wa Shakespeare kila mwaka. Mkuu wa shule tangu mwaka 1940 hata 1962 alikuwa Bwana Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa mwanahisabati huko Cambridge. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma hapo tangu mwaka 1955 hata 1958, ameandika kwamba katika miaka ile minne alitazama michezo minne ya Shakespeare, na mmojawapo ni ule wa Mfalme Lear, mzee aliyewagawia binti zake nchi yake akiwa hai bado, kisha akajuta. Mzee yeyote wa Meru mwenye shamba la kahawa na watoto wengi angaliufahamu mchezo huo mara moja, kama ungalichezwa kwa lugha aijuayo. Lakini ulichezwa kwa Kiingereza cha miaka mia tatu na nusu iliyopita.

Hapo ndipo wanafunzi wenyewe walipofanya jambo la kusifiwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 baadhi yao walitunga michezo yao kwa Kiswahili. Henry Kuria alitunga "Nakupenda Lakini", Kimani Nyoike akatunga "Maisha ni Nini", Gerishon Ngugi akatunga "Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi", na B. M. Kurutu akatunga "Atakiwa na Polisi". Hebu tazama majina hayo: mapenzi, maisha, uchawi, polisi! Wavulana wale hawakuhitaji kwenda Uingereza kutafuta habari za kuigiza. Michezo yao haikubaki ndani ya kuta za shule, maana ilipata kuchezwa hata mjini Nakuru mbele ya watu wasio wanafunzi, na mengine yakapigwa chapa yakawa vitabu. Kwa maoni yangu, vijana hao wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa.

Sina ugomvi na Shakespeare. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alimfasiri kwa Kiswahili, kwanza habari za Kaizari mwaka 1963, kisha "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. Neno langu ni kwamba mchezo ni wa watazamaji, na mtazamaji asiyefahamu maneno ni kama mgeni aliyealikwa karamuni akaachwa mlangoni.

Jumba la Taifa la Michezo lilifunguliwa Nairobi mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na Wameru na Waembu walikuwa miongoni mwa watu walioibeba sana taabu ya miaka ile. Mashindano ya shule yalianza katika jumba hilo mwaka 1959, nayo yalikuwa ya Kiingereza na zaidi ya shule za Wazungu. Ilichukua miaka mingi kabla mashindano hayo hayajatoka Nairobi na kuzunguka mikoani, na kabla Kiswahili hakijapata kiti chake. Siku hizi mna michezo, mashairi ya kughaniwa na mtu mmoja au na kundi, hadithi, ngoma za kubuni na vichekesho.

Na watu wa upande huu wa Mlima Kenya wametoa mchango wao. Marehemu Bibi Micere Githae Mugo alizaliwa Baricho mwaka 1942, wakati nchi ya Kirinyaga ilipokuwa katika wilaya ya Embu, akasoma Kangaru hapa Embu kabla ya kwenda shule ya wasichana ya Alliance. Mwaka 1961 alipokewa Limuru katika shule ya wasichana wa Kizungu, Mwafrika wa kwanza kuingia. Ndiye aliyeandika pamoja na Ngugi mchezo wa kesi ya Dedan Kimathi, uliochezwa katika Jumba la Taifa mwaka 1976. Alifariki Marekani mwaka 2023. Nikipita mbele ya Kangaru jioni na kuwaona wanafunzi wakibeba viti, humkumbuka.

Wa pili ni Bwana Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, mtaalamu wa lugha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mchezo wake "Kifo Kisimani", uliotoka mwaka 2001, uliwekwa kuwa kitabu cha mtihani wa sekondari, na kwa muda wa miaka kadhaa hapakuwa na mwanafunzi wa kidato cha nne katika Kenya asiyemjua Mwelusi, kijana apiganiaye haki katika nchi ya Butangi, wala Bokono, mtawala mkatili. Aliyesikia habari za Fumo Liongo wa pwani ataona mahali mtunzi alipochota maji yake.

Mchezo huo ndio tulioucheza sisi, siku ya wazazi. Mwaka uliotangulia tulicheza kwa Kiingereza, nami nikafanywa mama mzee, maana shule yetu ilikuwa ya wavulana watupu. Nilivaa leso ya mama yangu. Alikaa safu ya tatu muda wote kimya, na tulipomwuliza alionaje, akajibu kwamba leso yake ilikuwa imefungwa vibaya. Hakuona kingine.

Safari hii nilipewa nafasi ya Gege. Yeye ni ndugu wa Mwelusi, naye kwa ajili ya ahadi za watawala anamwua nduguye. Sasa, msomaji, lazima nikueleze kwamba wakati ule baba yangu na baba yangu mdogo walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mwaka mzima walikuwa wakipishana njiani kama watu wasiojuana, na shauri lilikuwa kwa chifu. Baba mdogo naye alikuwa na mtoto shuleni, basi wote wawili walikuja, mmoja akaketi upande huu wa jumba na wa pili upande ule.

Mama yangu hakusoma sana, lakini Kiswahili cha sokoni anacho. Nilipomwendea Mwelusi pale kisimani, alisimama akamwonya yule kijana kwa Kimeru kwamba atazame nyuma yake. Watu wengine walicheka, lakini akina mama walio karibu naye walisimama pia. Mwelusi alipoanguka palikuwa kimya, na katika kimya kile nilimwona baba akitazama upande wa pili wa jumba.

Sitasema kwamba walipatana siku ile. Mpaka ulipimwa miezi minane baadaye, tena kwa gharama. Lakini jioni ile walirudi nyumbani katika gari moja, maana magari yalikuwa machache, na mama asema walizungumza habari za mchezo njia nzima, hasa kama Gege alistahili kusamehewa. Baba mdogo alisema hapana. Tangu siku hiyo ananiita Gege, na hata leo nikienda sokoni kwetu sina jina jingine.

Yako mabaya ambayo sipendi kuyaficha. Shule zenye fedha hukodi watunzi na walimu wa michezo kutoka mbali, na mwanafunzi hupewa maneno ayakariri kama kasuku. Shule ndogo ya kijijini hata nauli ya basi ni shida. Na michezo ikigusa mambo ya serikali, watu wazima hugombana juu ya vichwa vya watoto. Wasichana wa Butere walizuiwa kuonyesha mchezo wao mwaka 2013, mpaka korti ilipoamuru waruhusiwe. Mwaka 2025 jambo hilo lilitokea tena. Korti iliamuru waruhusiwe, lakini walipofika Nakuru waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kucheza, na huko nje polisi wakatupa gesi ya machozi. Mtunzi wa michezo yote miwili ni mwanasiasa, nami sitaki kumhukumu. Lakini ni vigumu kuona sababu ya kumtisha kwa gesi msichana aliyekuja kusema maneno aliyoyajifunza kwa moyo.

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja hapa Embu kutazama mazoezi. Wasichana walikuwa wametunga wenyewe, kwa Kiswahili, habari za mama anayefanya kazi ya kuchuma majani ya chai na binti yake anayeona haya kumtaja. Mavazi hawakuwa nayo, ila magunia na kikapu kimoja. Nilipompigia mama simu na kumweleza, aliniuliza mara moja kama wana leso ya kumvika yule mama wa mchezo. Nikasema hawana. Siku ya tatu ilifika kwa matatu, imekunjwa ndani ya gazeti, na neno kwamba safari hii waifunge vizuri.