Mchaichai Kabla ya Kulala

Katika nyumba zetu nyingi jioni hunukia mchaichai. Tunaupenda, lakini mara nyingi tunaupika vibaya. Tunautokosa muda mrefu bila kufunika sufuria. Jiko zima linanukia, na kikombeni yanabaki maji ya rangi tu.

Sababu ni hii: harufu ya mchaichai imo katika mafuta yaliyo ndani ya majani yake. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, ambayo imo pia katika ganda la limau. Mafuta hayo hupaa pamoja na mvuke. Basi tuoshe majani mabichi machache, tuyakate na kuyaponda kidogo, tuyatie katika maji yanayochemka, tuipue na kufunika kwa dakika 10. Tutapata ladha ya limau bila uchachu wake. Sukari iwe kidogo, utamu usije ukaifunika harufu.

Jambo la pili: usiku tusichanganye na majani ya chai. Hayo yana kafeini, ambayo hufukuza usingizi kwa saa kadhaa. Mchaichai hauna kafeini.

Lakini tusidanganyane, mchaichai si dawa. Mama mjamzito aulize kwanza kliniki. Na anayekosa usingizi wiki baada ya wiki asitegemee kikombe. Aende zahanati, kwani huenda ana ugonjwa, au huzuni ambayo hajamwambia mtu.