Nguvu kwa Nguvu: Kanuni za Uganga katika Usambara

Katika kamusi nyingi za Kiswahili, neno "kuganga" laelezwa kuwa ni kutibu mgonjwa, au kufunga kilichovunjika, au kutengeneza kilichoharibika. Maana hizo ni sahihi, na methali isemayo "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" yazithibitisha zote pamoja. Lakini mtu akizichukua na kupanda nazo milima ya Usambara, ataona kuwa hazimtoshi. Huko neno hilo, ambalo Wasambaa hulitamka kwa "gh" (mghanga, ughanga), halikuhusu maradhi ya mwili tu. Nchi nzima iliweza kuugua, na nchi nzima iliweza kugangwa. Katika makala hii nataka kuonyesha kuwa uganga huo ulikuwa na kanuni zake zilizofuatana kwa hoja, na kwamba kanuni iliyo kuu haikuhusu mizizi wala majani, bali uhusiano wa mwenye nguvu na yule anayetendewa.

Yafaa tuanzie Amani, katika Usambara ya mashariki, ambayo bonde la Lwengera laitenga na Usambara ya magharibi yenye Lushoto na Vugha. Mwaka wa 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, nacho kikapata sifa kubwa. Baadaye, wakati wa Waingereza, mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alifanya kazi hapo, na kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka wa 1937 na kuchapishwa tena mwaka wa 1940, ingali msaada mkubwa kwa wachunguzi wa lugha. Kazi ya namna hiyo huhifadhi jina la mti, umbo la jani, na pengine ugonjwa unaotibiwa nao. Jambo ambalo karatasi ya mkusanya mimea haiwezi kulibeba ni masharti: ni nani aliyeuchimba mzizi ule, kwa haki gani, na kwa ajili ya nani. Kwa mganga, masharti hayo yalikuwa nusu ya dawa, na pengine zaidi ya nusu.

Kanuni ya kwanza ni kwamba dawa yenyewe haina wema wala ubaya. Ajuaye kuponya ndiye ajuaye kudhuru, kwa maana ujuzi ni ule ule. Mganga alitofautiana na mchawi kwa jinsi alivyotumia mali aliyokuwa nayo, si kwa mali yenyewe. Maneno ya Kiswahili cha pwani yaonyesha jambo hili wazi kabisa. Tutazame neno "kago", yaani kinga iwekwayo shambani. Kago humdhuru mwizi, na huenda likamwuguza. Hata hivyo hakuna amwitaye mwenye shamba mchawi, kwa sababu shamba ni lake na mwizi ndiye aliyevuka mpaka. Dawa iyo hiyo ikiwekwa katika njia ya jirani asiye na kosa, jina lake hubadilika papo hapo, na kitendo huwa kuroga. Kadhalika fingo lililofukiwa kulinda mji ni uganga, na kitu kama hicho kilichofukiwa kwa siri chini ya kizingiti cha mtu mwingine ni uchawi. Basi linalobadilika hapa ni haki ya mtendaji juu ya mahali anapotenda.

Kanuni ya pili ni kwamba nguvu haiokotwi; hupokewa. Uganga ulirithiwa kutoka kwa mzazi au jamaa, au ulinunuliwa kwa mwenye nao, na malipo yalikuwa sehemu ya kuupa uhalali. Ndiyo sababu mkoba wa mganga ulikuwa kama hati: ulionyesha kwamba mwenye kuubeba alikabidhiwa na mtu aliyemtangulia. Sifa ya mganga nayo haikutoka kwake peke yake. Methali yasema "Mganga hajigangi", na nadhani maana yake yaingia ndani kuliko kumcheka tabibu mgonjwa. Nguvu hii yataka watu wawili. Aliye peke yake hana wa kumtendea wala wa kumshuhudia.

Kanuni ya tatu ndiyo inayozifunga hizo mbili, na Wasambaa huitaja kwa maneno "nguvu kwa nguvu". Mwanahistoria Steven Feierman, katika vitabu vyake vya mwaka wa 1974 na 1990, ameonyesha jinsi fikira hii ilivyotawala mawazo yao juu ya ufalme. Nguvu moja ikiwa haina mpinzani, mwenye nayo huiona nchi kuwa ni mali yake, naye hana sababu ya kuidhuru. Atailetea mvua, ndizi zitastawi, na watu watamlipa kodi. Lakini nguvu mbili zilizo sawa zikikabiliana, kila mmoja huzuia mvua ya mwenziwe, na nchi huharibika katikati yao. Hali ya kwanza huitwa kwa Kisambaa kuzifya shi, na ya pili kubana shi. Kwa tafsiri ya karibu tungesema kuitengeneza nchi na kuiharibu nchi, ingawa "kuiganga nchi" ingekuwa tafsiri bora ya ile ya kwanza.

Msomaji aliyesoma Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, atakumbuka jinsi kanuni hizi zinavyoonekana katika hadithi ya Mbegha. Kitabu hicho, kilichochapishwa Magila kuanzia mwaka wa 1895, chatueleza kuwa Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota kwanza meno ya juu, na jamaa zake wakamwogopa na kumnyima urithi. Akatoka Ngulu akiwa mwindaji, ana mbwa wake na dawa zake. Katika nchi ya kwao nguvu yake ilikuwa ya kutisha, kwa kuwa ilikuwa ndani ya ukoo wenye nguvu nyingine. Alipofika Usambara akawagawia watu nyama, akaua nguruwe walioharibu mashamba, na akaua simba. Wakampa nchi. Mtu ni yule yule na dawa ni zile zile, lakini uhusiano umegeuka; aliyekuwa hatari kwao amekuwa Simba Mwene Usambara. Sisemi kwamba kila neno la hadithi hiyo ni historia. Nasema kwamba waliokuwa wakiisimulia walikuwa wakifundisha kanuni.

Kanuni ilipata kipimo chake katika karne ya 19. Kimweri ye Nyumbai alitawala muda mrefu kutoka Vugha, na sifa ya mvua yake ilikwenda pamoja na utulivu wa enzi yake. Alipofariki mwaka wa 1862, mjukuu wake Shekulwavu akashika Vugha, huku Semboja, mwana wa Kimweri, akiwa na nguvu zake Mazinde, bondeni, penye njia ya biashara na bunduki. Vita vilivyofuata vilileta utumwa na njaa. Mwandishi wa historia ya siku hizi atataja bei ya pembe na wingi wa silaha, na atakuwa amesema kweli. Msambaa wa wakati ule alisema nguvu kwa nguvu. Naona kauli hizi mbili hazipingani: ya kwanza yaeleza silaha zilitoka wapi, na ya pili yaeleza kwa nini nchi yenye watawala wawili haiwezi kula.

Kanuni hizi zina athari hata leo, ingawa utawala wa jadi ulifutwa katika miaka ya kwanza ya Uhuru. Sheria ya Uchawi ya mwaka wa 1928, iliyotungwa na serikali ya Waingereza, iliyakusanya chini ya jina moja mambo ambayo wenyeji waliyatenga: hata kudai kuwa na ujuzi wa siri kulihesabiwa kuwa uchawi. Mwaka wa 2002 ikatungwa sheria nyingine, ya tiba asili na tiba mbadala, inayomtambua mganga na kumsajili. Hivyo sheria moja yatazama nguvu iliyofichika, na nyingine yatazama mti na jani. Hakuna hata moja inayouliza swali la mganga wa zamani: una haki gani juu ya huyu unayemtendea?

Swali hilo si la waganga peke yao. Ni letu pia sisi tushughulikao na maneno. Mfasiri anayeandika "mchawi" palipostahili "mganga" amemtwisha mtu mashtaka, na katika nchi yetu wako waliopoteza maisha kwa shutuma ya neno hilo. Kwa hiyo napendekeza kwamba kamusi zetu, zinapoeleza maneno kama kuganga, kukaga, kuzindika, kuagua na kuroga, zisitosheke na kusema "kutumia dawa". Zieleze nani humtendea nani, kwa idhini ya nani, na kwa faida ya nani. Majina ya miti yamekwisha kukusanywa kwa bidii, na tunawashukuru waliokusanya. Wazee wanaojua masharti yanayoambatana na miti hiyo wanapungua kila mwaka, na masharti hayo hayaoti tena msituni kama mizizi.